Tiubu Moja, Watoto Wanane

Watu wa Kitengela wanapenda sana kuuliza kama umesomea. Ukifungua saluni, wanauliza umesomea wapi. Ukipika samosa, hizo samosa nazo umesomea? Mimi naitwa Mbeke, nimezaa watano na nimewalea wote wakawa watu, na hiyo ndiyo shule yangu. Mzee wangu alipofariki, kijana wangu Mutinda alinitoa kijijini Masii akanileta hapa nikae kwa nyumba yake niangalie televisheni. Nilivumilia miezi miwili. Mwezi wa tatu nikamwambia anitafutie nyumba ya chini kwa ploti yenye geti, nikafungua dei kea.

Sasa niko na miaka sitini na moja, na wakati wa hii habari nilikuwa na watoto wanane. Mama zao ni watu wa kutoka mapema. Wengine wanaenda Nairobi ofisini, wengine wanaenda Isinya kwa mashamba ya maua. Saa kumi na moja na nusu asubuhi naanza kusikia geti. Wananiachia watoto wakiwa bado na usingizi, na jioni wanawakuta wameshiba na wameoga. Wote wananiita Susu, ambayo ni nyanya kwa Kikamba, hata wale Waluhya na Wajaluo, hata mama zao. Hilo jina nalipenda kuliko lile nilibatizwa nalo, sitadanganya.

Sasa nikuambie juu ya tiubu. Mwaka jana nilijikata kidole na mfuniko wa mkebe, kikafura, kikaanza kutoa usaha. Kijana wa kemisti akanipa tiubu ndogo ya mafuta ya antibayotiki, akasema nipake mara tatu kwa siku. Siku ya tatu kidole kimekauka. Siku ya tano hata ungeniuliza ni kipi nisingejua. Haki nilishangaa. Miaka yote hiyo nahangaika na majivu na majani, kumbe ni kitu ya kufinya tu! Nikanunua ingine nikaweka kabatini.

Kutoka hapo, mtoto akiwa na kitu chochote kwa ngozi, nafinya. Vipele vya joto, nafinya. Matako yamekuwa mekundu kwa sababu ya daipa, nafinya. Mashilingi, yale mabaka ya mviringo kwa kichwa, nafinya. Mbu ameuma mtoto, nafinya. Zile zilipona, nilisema ni tiubu imeponya. Zile zilikataa kupona, nilisema mama hapaki vizuri nyumbani. Unaona vile nilikuwa nimejipanga?

Halafu nikaongeza maombi, na hiyo ilikuwa yangu peke yangu, hakuna dei kea ingine hapa ilikuwa nayo. Asubuhi baada ya uji nilikuwa nawaketisha watoto kwa benchi, nawapangusa uso na taulo, nafinya dawa kwa kidole. Naanzia mwisho wa benchi. Kidogo chini ya pua, kwa sababu huko ndiko kamasi inakutana na vumbi ya hapa, kidogo kwa kidevu, na maneno: "Mungu akulinde leo na kila ugonjwa." Mtoto anasema amina, naenda kwa anayefuata. Mama zao waliipenda hiyo kitu! Mama Wangila, jirani yangu wa mlango wa tatu, ambaye ni mtu wa kanisa kumshinda pasta, alichukua video akaituma kwa grupu ya WhatsApp. Wamama wawili walinijia kwa sababu ya hiyo video tu.

Roy aliletwa mwezi wa kwanza. Mama yake ni Dolphine, msichana wa Ugenya, mbali huko kwa Wajaluo, anapanga maua ya waridi kwa maboksi huko Isinya. Baba yake Roy sijui habari zake na sikuuliza. Roy mwenyewe ni kitoto cha miaka miwili na nusu, kinene, kizito kubeba, na kilikuwa na neno moja tu la maana: tena. Ukimpa uji, tena. Ukimrusha juu, tena. Ukimwambia Mungu akulinde, badala ya amina anasema tena, na wenzake wanacheka mpaka uji unatoka kwa pua. Nilimpenda siku ya kwanza. Kuna watoto wanakuingia hivyo, na mwenye kulea watoto akikuambia anawapenda wote sawa, mwambie mimi Mbeke nimekataa.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa kwanza, Roy akaja na kidonda kidogo chini ya pua. Kilikuwa kinatoa maji, halafu maji yanakauka yanakuwa ganda la rangi ya asali. Dolphine akaniambia, "Susu, sijui ni kamasi imemchubua." Nikamwambia aende kazi, mimi niko. Nikamweka Roy wa kwanza kwa benchi, maana mgonjwa hangoji. Nikampaka mara mbili kuliko wengine. Halafu nikaendelea na mstari wangu.

Baada ya siku nne, mtoto wa Mama Wangila, anayekaa namba mbili kwa benchi, akatoa kidonda chini ya pua. Halafu mwingine. Mimi nikaongeza dawa. Asubuhi na jioni, na maombi marefu. Wiki ya pili wakawa watano, na Elsie alikuwa mbaya kuwashinda wote.

Elsie ni mtoto wa Celine. Celine ni mtu wa kwetu, wa upande wa Mwala, anafanya kazi ya bima Nairobi, na mdomo wake hauna breki. Tunagombana kama mama na binti na jioni tunakula pamoja githeri. Elsie ako na miaka mitatu na amerithi huo mdomo wote. Yeye ndiye mkubwa wa benchi. Mtoto akikaa vibaya, Elsie anamrekebisha. Sasa huyo Elsie alikuwa na vidonda kutoka pua hadi kwa sikio, na Ijumaa asubuhi jicho moja lilikuwa limefura na mwili una joto. Hakuwa anarekebisha mtu yeyote.

Celine akaniletea Elsie akiwa analia yeye mwenyewe. Bosi wake alikuwa amekataa kumpa ruhusa. "Susu, mpeleke dispensari, nakuomba. Na huyu Roy, kwani mama yake haoni? Yeye ndiye alileta hii kitu. Kabla yake watoto wetu walikuwa sawa."

"Nitampeleka Roy pia," nikasema.

"Mpeleke. Lakini Jumatatu nisimpate hapa. Nimeongea na wamama wengine. Jumapili saa tisa tunakuja hapa kwako, tuongee."

Dolphine alikuwa amesimama kwa geti na sare yake ya kazi, amesikia yote. Ilikuwa mwezi wa pili, siku zile za wapendanao, wazungu wanataka maua kuliko chakula, na huko Isinya ukikosa siku moja wanachukua mwingine. Alimbusu Roy kwa kichwa, mahali hakuna kidonda, akakimbilia gari ya kampuni.

Nikamwachia Mama Wangila wale wengine, nikamfunga Elsie mgongoni, nikamshika Roy mkono. Dispensari kulikuwa na daktari kijana wa Kimaasai anaitwa Simel, mrefu mpaka anainama kwa mlango.

"Takwenya, yeyo," akanisalimia. Yeyo ni mama kwao.

"Iko," nikajibu. Miaka ya hapa imenifunza hiyo.

Alimwangalia Elsie macho, masikio, akampima joto. Akamwangalia Roy. Aliuliza maswali ya kawaida, nikamjibu kwa maringo, nikitoa tiubu kwa pochi nimwonyeshe mimi si mtu wa majani. "Tumekuwa tukipaka hii," nikasema. "Kila siku, asubuhi na jioni, bila kukosa. Kwa hivyo unipe ile ya nguvu zaidi."

Akaichukua akaisoma. "Hii si mbaya. Kwa hivi vidonda ingefanya kazi. Nani anapaka?"

"Ni mimi."

"Hebu nionyeshe vile unafanya, yeyo. Vile vile kabisa."

Nilifurahi, mimi mjinga. Nikaketisha Roy kwa benchi yake ya wagonjwa, nikaketisha Elsie kando yake. Nikatoa taulo kwa mfuko nikampangusa Roy, nikampangusa Elsie. Nikafinya dawa kwa kidole, nikampaka Roy chini ya pua, pale pale juu ya ganda, na kidevu. "Mungu akulinde leo na kila ugonjwa." Roy akasema, "Tena!" Nikafinya ingine, nikageuka kwa Elsie.

"Simama hapo hapo," Simel akasema. Hakupaza sauti. "Hicho kidole kimetoka wapi?"

"Kwa Roy."

"Na kinaenda wapi?"

Niliangalia. Elsie, na joto lake lote na jicho moja limefungana, alikuwa ameshainua kidevu. Alikuwa ananingoja. Aliinua kidevu kila asubuhi hizo wiki mbili, na mimi nikambebea ugonjwa kwa kidole, nikamwombea juu yake.

Nilikishusha kidole. Simel akanivutia kiti.

"Kwa hivyo dawa ndiyo mbaya?" nikamwuliza. Nilikuwa nimekasirika tayari. Mimi nikiaibika nakasirika kwanza, hiyo ni tabia yangu, hata marehemu mzee wangu aliijua.

"Dawa ni nzuri. Lakini huu ugonjwa unahama kwa kugusana. Kidole kimoja, taulo moja, mdomo wa tiubu ukigusa kidonda, basi, umefika kwa mwingine. Mikono unaosha saa ngapi?"

Hapo alinipata pabaya. Maji ya bomba letu ni ya kisima na yana chumvi. Ukisugua sabuni inakatakata kama maziwa yameharibika, povu hakuna. Maji matamu tunanunua kwa mitungi, ya kunywa na kupika. Kwa hivyo nilikuwa naosha mikono kabla ya kupika, na kwa dawa nilikuwa napangusa tu kwa leso. Nilimwambia hivyo, nikitazama chini.

"Kikombe kimoja cha maji matamu, ya uvuguvugu, kwa kila mtoto mgonjwa," akasema. "Na sabuni. Lainisha lile ganda mpaka litoke lenyewe, usilikwangue. Dawa ikikaa juu ya ganda haifiki mahali inatakiwa. Kausha na kitambaa chake mwenyewe. Osha mikono, paka kidogo, osha mikono tena. Mara tatu kwa siku, siku tano. Kila mtoto tiubu yake. Mkate kucha. Mtoto ambaye hana kidonda, usimpake. Vipele vya joto havitaki hii, mashilingi yana dawa yake ingine. Ukipaka ovyo ovyo, vijidudu vinaizoea, na siku utaihitaji haitakusaidia."

"Na maombi?"

"Maombi hayaambukizi, yeyo. Omba ukiwa umekunja mikono."

Ningecheka siku ingine. Elsie akapewa dawa ya kunywa kwa sababu ya jicho na joto, Roy akapewa tiubu yake. Nikiwa mlangoni nikamwuliza lile swali nililokuwa naogopa. Wakianza dawa leo, Roy anaweza kukaa na wenzake lini?

"Akipakwa vizuri siku mbili, hata Jumatatu anacheza. Hakuna haja ya kumfukuza mtoto."

Hiyo ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Nataka ukumbuke hiyo saa, kwa sababu mimi siwezi kuisahau.

Nilipofika nyumbani niliwaosha wote watano vile Simel alisema. Nilichemsha maji matamu, nikapanga vikombe, nikararua shuka safi nikapata vitambaa, kila mtoto chake. Mama Wangila akaniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia amesema tuoshe. Hakuna neno la uongo hapo, na lilikuwa uongo mtupu.

Usiniulize kwa nini sikusema. Sawa, uliza. Niliogopa. Niliona wale wamama wanachukua watoto wao mmoja mmoja, geti linabaki kimya asubuhi, na mimi narudi kwa nyumba ya Mutinda kuangalia televisheni. Nilisema moyoni nitasema kesho. Na jioni grupu ikaanza. Celine akaandika kwamba Roy ndiye chanzo na Jumatatu asionekane. Watu wakaweka vidole gumba. Halafu Dolphine akaandika: "Sawa. Nimeelewa. Binamu yangu anasafiri Jumatatu, atampeleka Roy kwa mamangu Ugenya. Poleni kwa yote."

Poleni kwa yote! Niliweka simu kifudifudi juu ya meza kama imeniuma.

Jumamosi Dolphine alikuwa na kazi, akamleta Roy kabla ya jua. Macho yake yalikuwa yamefura. Aliniuliza ataweza kwenda likizo kumwona mara ngapi kwa mwaka, halafu akajijibu mwenyewe: mwezi wa nane labda, na Krismasi. "Atanisahau, Susu?" akauliza. Nikamwambia mtoto hasahau mama. Akaniomba nimtafutie nguo za Roy zilizobaki kwa kamba yangu. Nikazianua. Nikazikunja moja moja, kaptura, fulana, soksi moja ambayo mwenzake ilipotea, nikamwekea kwa mfuko. Mtoto anaondolewa kwa mama yake kwa sababu ya kidole changu, na mimi namkunjia nguo. Na bado nilinyamaza, aki ya Mungu nilinyamaza.

Jumapili saa tisa walikuja wote. Wengine kwa viti, wengine kwa lile benchi. Nilikuwa nimepika chai na hakuna mtu aliyeigusa. Elsie alikuwa mapajani mwa mama yake, joto limeshuka, jicho limefunguka, na alikuwa ameanza kuambia watu wakae vizuri. Dolphine aliketi kando ya mlango na Roy na mfuko wake, kama mtu anangoja tu kuitwa aende.

Celine alianza. Aliongea vizuri, siwezi kusema alitukana. Alisema hakuna mtu anamchukia mtoto, lakini kila mama anatafuta usalama wa wake, na kabla Roy hajaja hakukuwa na vidonda. Mama Wangila akasema tumwombee Roy safari njema. Dolphine akainua kichwa.

"Mimi sina neno," akasema. "Nilimleta akiwa na kidonda, ni ukweli. Ningejua ni kitu inaambukiza singemleta. Mnisamehe."

"Roy hakuambukiza mtu," nikasema.

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaiweka chini.

"Susu, wacha kumtetea," Celine akasema. "Tunajua unampenda."

"Nampenda, ndiyo. Na nyamaza kidogo, Celine, kwa sababu nikikatizwa sitaweza. Roy alikuja na kidonda kimoja. Kingekaa hapo kwa pua yake na kingepona. Mimi ndiye nilikitoa hapo. Nilimpaka Roy, halafu na kidole hicho hicho nikampaka wako, Mama Wangila, halafu wako, halafu Elsie. Kila siku, mara mbili. Taulo moja. Mikono sikuosha. Ile video mliipenda, iangalieni tena, mtaona."

Mama Wangila alikuwa ameshatoa simu. Sikutaka kuona uso wake akiangalia. Nilisikia sauti yangu mwenyewe kwa simu yake, "Mungu akulinde leo na kila ugonjwa," na watoto wakasema amina.

Nikawaambia yote vile daktari alisema. Maji, sabuni, ganda, tiubu ya kila mtoto, siku tano. Nikawaambia Roy hata kesho anaweza kucheza. Celine akasimama na Elsie. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa anayapangusa.

"Nilikuachia mtoto wangu," akasema.

"Uliniachia."

"Mimi nimemwita mtoto wa mtu chanzo." Akageuka kwa Dolphine. "Dolphine, nimekukosea." Halafu akatoka. Wengine wakatoka nyuma yake, mmoja mmoja, na watoto wao.

Nisikuweke roho juu. Kati ya wanane, watano walirudi. Elsie alirudi Jumatano. Celine alisimama hapo mlangoni na viatu vyake vya ofisi, akaniangalia nikiosha mikono mpaka kwa kiwiko, ndipo akanipa mtoto. Kila asubuhi anafanya hivyo mpaka leo, na sijawahi kumwambia kitu. Hao watatu walienda kwa mtu mwenye cheti. Ni sawa. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Hiyo Jumapili nyumba ilibaki na watu watatu: mimi, Dolphine na Roy.

Nilidhani Dolphine angenishukuru. Ona vile moyo wa mtu unaweza kuwa mpumbavu, nilikuwa hata nimejiandaa kusema usijali.

"Ulienda dispensari Ijumaa," akasema.

"Ndiyo."

"Asubuhi."

"Saa nne."

"Kwa hivyo Ijumaa saa nne ulikuwa unajua." Alikuwa anaongea pole pole kama mtu anapanga vitu kwa boksi. "Kidole si neno, Susu. Hukujua. Hata mimi singejua. Lakini Jumamosi nimelia kwa kazi mpaka mwenzangu akanishikia laini ya kupanga maua. Nimepigia mama yangu simu. Jumamosi umenikunjia nguo za mtoto. Ukijua."

"Ndiyo," nikasema. "Nikijua. Niliogopa kubaki peke yangu. Nisamehe, mwanangu."

Hakusema amenisamehe. Alitoa simu, akabonyeza, akaninyooshea. "Mamangu tayari anamngoja. Mwambie wewe, mwenyewe, kwa nini Roy haendi."

Mama yake Dolphine anaitwa Achola. Hatukuwa tumewahi kuongea. Simu iliita mara mbili tu, na sauti ikaingia imejaa furaha mpaka nikaisogeza kutoka kwa sikio.

"Dolphine! Nimesafisha kile kitanda! Mwambie Roy mimi dani yake, nyanya yake, nimeua kuku!"

"Mama, mimi si Dolphine. Naitwa Mbeke. Mimi ndiye nalea Roy hapa Kitengela."

"Oo! Mama, asante kwa kumlea. Tutakuwa naye sasa, utapumzika kidogo."

"Mama, Roy haji."

Nikamweleza. Sikupunguza kitu. Nilisema kidole, nilisema taulo, nilisema Ijumaa na Jumamosi. Huko kwake nilisikia kuku wanapiga kelele, na mtu anachota maji.

"Nimemnunulia viatu," akasema.

"Pole, mama."

"Nimeambia kanisa yote leo asubuhi mjukuu anakuja. Nimesimama mbele nikaimba."

"Pole sana, mama. Nimekukosea."

"Umenikosea," akakubali. "Mimi nilifurahi, unajua. Mtoto mgonjwa, mama yake analia kwa simu, na mimi hapa nafurahi. Sisi wazee tunapenda watoto vibaya wakati mwingine." Akapumua. "Mtoto akae na mama yake. Hivyo vidonda, vinamwasha?"

"Vinamwasha."

"Na anajikuna?"

"Anataka kujikuna. Nikishampaka, namshika mikono yote miwili mpaka dawa iingie."

"Yeye anafanya nini?"

Nilimwangalia Roy. Alikuwa ameketi kwa miguu ya mama yake, anatoa nguo kwa mfuko moja moja, anazirusha sakafuni, na Dolphine hakuwa anamzuia.

"Anakubali," nikasema. "Ananiangalia tu. Nikimwachilia, ananirudishia mikono mwenyewe."

Nilisikia Achola anavuta kamasi, mtu mzima, kama mimi.

"Basi mshike," akasema. "Mshike na mikono yako, na ya kwangu."